Maswali na Majibu: Sheria za Kubisha Hodi Nyumba kwa Nyumba Nchini Marekani

Wasomaji wetu waishio Marekani wanaendelea kuuliza kuhusu watu wanaobisha hodi milangoni mwao, na baadhi ya wanaouliza ndio wabishaji wenyewe. Majibu haya yanahusu nchi hiyo pekee, ambako kila mji hujitungia sheria ndogo zake, huku Katiba na kanuni chache za serikali kuu zikiwekea sheria hizo mipaka.

Nataka kuuza vitenge na vipodozi nyumba kwa nyumba katika mji wangu na miji jirani. Je, leseni ya biashara niliyopewa na jimbo inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Miji mingi humtaka mchuuzi awe na kibali cha pekee, kinachotolewa na karani wa mji au na kituo cha polisi, na kabla ya kukitoa hutaka picha yako, aina ya bidhaa, namba ya gari na, mahali pengine, alama za vidole ili rekodi yako ya jinai ichunguzwe. Kibali hicho hakivuki mpaka wa mji uliokitoa, kwa hiyo ukihamia mtaa wa mji jirani unaanza upya. Na ukiuza mahali pasipo chini ya mji wowote, ulizia ofisi ya kaunti.

Fahamu pia kwamba ipo miji isiyotoa kibali hata ukilipa. Mwaka 1931 mji wa Green River, Wyoming, ulipiga marufuku muuzaji yeyote kwenda kwenye nyumba ya mtu bila kualikwa. Ulikuwa mji wa reli, na inaelezwa kwamba wafanyakazi wa zamu ya usiku, waliohitaji kulala mchana, walichoshwa na kuamshwa na wachuuzi. Kampuni ya Fuller Brush, iliyouza brashi zake mlangoni, iliupinga mji huo mahakamani ikashindwa katika rufaa mwaka 1933, miji mingine ikaiga, na mwaka 1951 Mahakama ya Juu ikaikubali sheria ya namna hiyo kutoka Alexandria, Louisiana. Tangu 1976, Mahakama hiyo ilipotamka kwamba hata tangazo la biashara lina ulinzi wa kikatiba, baadhi ya mahakama zimebatilisha marufuku za jumla kama hizo, lakini sikushauri uyajaribu hayo kwa mtaji wako. Soma kwanza sheria ya mji husika.

Sisi ni kikundi cha kanisa na hatuuzi kitu. Karani wa mji anasema ni lazima tuombe kibali kabla ya kuzungumza na watu milangoni. Ni halali?

Kwa jinsi ulivyoeleza, si halali, na nafurahi kwamba mmeuliza kabla ya kukata tamaa. Sheria ya Marekani inamtenganisha anayeuza na anayekuja kusema jambo, awe mhubiri, mpiga kampeni wa uchaguzi au mkusanya saini, na huyu wa pili analindwa zaidi sana. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu iliamua shauri kutoka Struthers, Ohio, mji wa viwanda vya chuma ambao nao ulitaja usingizi wa wafanyakazi wa usiku ili kumzuia mtu yeyote kugonga mlango kwa nia ya kugawa vikaratasi. Kwa kura 5 dhidi ya 4 mji ulishindwa, kwa sababu ambayo naiona kuwa ndiyo kiini cha suala hili lote: uamuzi wa kumpokea au kumkataa mgeni ni wa mwenye nyumba, na halmashauri haina haki ya kumfanyia uamuzi huo.

Mwaka 2002 kijiji cha Stratton, pia cha Ohio, kilipowataka Mashahidi wa Yehova waombe kibali, ambacho kilitolewa bila malipo, Mahakama hiyo ilikataa kwa kura 8 dhidi ya 1. Mwonyesheni karani uamuzi huo kwa heshima, na ikibidi mwombeni amshirikishe mwanasheria wa mji.

Mkianza kuomba michango mambo hubadilika kidogo, kwani mji unaweza kudai mjitambulishe ili kuzuia utapeli. Hata hapo una mipaka: mwaka 1980 kijiji cha Schaumburg, Illinois, kilizuiwa kuwanyima ruhusa wakusanyaji wa michango ambao hawakutumia angalau asilimia 75 ya mapato kwa shughuli za hisani.

Je, kibao cha kukataa wachuuzi nilichobandika mlangoni kina nguvu yoyote ya kisheria?

Kinayo, na katika miji mingi anayekipuuza hutozwa faini hata kama ana kibali mfukoni. Andika wazi unaowakataa, kwa kuwa kibao kinachotaja wauzaji peke yao hakiwagusi wahubiri wala wapiga kampeni. Yeyote uliyemwambia aondoke naye akang'ang'ania anaweza kushtakiwa kwa kuingilia mali ya mtu.

Ijumaa mama yangu alisaini mkataba wa chujio la maji la zaidi ya dola 2,000 na muuzaji aliyekuja nyumbani na kuzungumza naye Kiswahili. Leo ni Jumatatu na anajuta. Tumechelewa?

Hamjachelewa, ila fanyeni haraka. Kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu inampa mnunuzi wa nyumbani, kwa kitu cha dola 25 au zaidi, muda hadi saa sita usiku wa siku ya tatu ya kazi kuvunja mkataba bila kutoa sababu. Jumamosi inahesabiwa, Jumapili na sikukuu za taifa hazihesabiwi, kwa hiyo mwisho wa mama ni kesho Jumanne saa sita usiku. Atie saini na tarehe kwenye fomu ya kufuta mkataba, abaki na nakala, na aitume kwa barua ya rejista iliyopigwa mhuri wa posta kabla ya muda huo kupita. Kama hakupewa fomu, aandike barua yake mwenyewe.

Muuzaji akishapokea taarifa hiyo ana siku 10 za kazi za kurudisha fedha. Tena, mkataba ulipaswa kuandikwa kwa lugha iliyotumika katika mazungumzo ya kuuza. Muuzaji aliyeeleza kwa Kiswahili kisha akakabidhi karatasi za Kiingereza amekiuka kanuni, na hilo liripotiwe pia kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Bima, nyumba na ardhi, pamoja na mauzo yaliyofanyika kwa simu au intaneti pekee, havimo katika kanuni hii.

Naweza kuweka vikaratasi vya matangazo kwenye masanduku ya barua?

Hapana. Sheria ya serikali kuu inakataza kuweka humo kitu kisicholipiwa stempu, hata kama sanduku ni mali ya mwenye nyumba. Ning'iniza kikaratasi kwenye kitasa au kipenyeze chini ya mlango, isipokuwa pale ambapo kibao kinakukataza.