Barua kwa mwanangu: yale maua ya Ullswater

Mwanangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila bibi yako na goti lake.

Umeniandikia kwamba ulipanda basi mpaka ziwa Ullswater, huko Uingereza, ukayaona maua ya dafodili, yale ya shairi nililokuwa nikikuimbia huku nakusuka, na moyo haukushtuka hata kidogo. Unauliza: hiyo furaha ya kudumu anayoisema Wordsworth, yule mshairi wa Kiingereza, iko wapi?

Nimecheka. Mimi nililikariri kwa kuogopa fimbo, na ua lenyewe sijaliona kwa macho mpaka leo. Utotoni nikidhani ni namna ya alizeti.

Lakini hukulisoma vizuri. Mshairi mwenyewe anakiri kwamba alitazama, akatazama tena, asijue amepewa utajiri gani. Ilikuwa tarehe 15 Aprili 1802, siku ya upepo mkali, na wala hakuwa peke yake kama anavyodai. Alikuwa na mdogo wake wa kike, Dorothy, aliyeandika katika shajara yake kwamba baadhi ya maua yalilaza vichwa juu ya mawe, kama mtu aliyechoka alazavyo kichwa kwenye mto, na mengine yalikuwa kama yanacheka na upepo. (Wa kike anaona, wa kiume anasifiwa, hayo tuyaache.) Shairi lilikuja 1804. Miaka miwili! Na ile mistari miwili isemayo kwamba maua humjia baadaye ghafla kwenye jicho la ndani, awapo peke yake, ambayo yeye mwenyewe aliiona bora kuliko yote, alipewa na mkewe, Mary.

Nilipopangiwa kufundisha kijijini Bweni, nilivuka Mto Pangani kwa pantoni kila alfajiri. Nilichowaza ni mshahara uliochelewa na viatu vilivyoingia maji. Asubuhi moja yangeyange waliruka kutoka kwenye mikoko, kundi zima, weupe juu ya ukungu. Nikatazama, nikarudi kuhesabu nauli.

Halafu ule usiku baba yako alipokuwa akipasuliwa. Nimekaa kwenye benchi ukumbini, khanga imelowa machozi, dua zimeniishia. Nikafumba macho, na yangeyange wale wakaruka. Sikuwaita. Hata sikujua kama bado ninao.

Basi wewe umeyaona juzi tu, unataka yakulipe leo?

Picha uliyotuma nimemwonyesha bibi yako. Kaishika mbali, kaisogeza karibu, kasema Wazungu wameacha vitunguu mpaka vimetoa maua.

Mama yako