Barua kwa mwanangu: mkweo ana wa kumhudumia, hana wa kuzungumza naye

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Umesema tangu mkweo atoke eda amezidi kunyamaza. Dada wa kumhudumia yupo, chakula anapata, dawa za presha hazimpiti, nguo zake safi, na bado mkimpigia simu jibu ni lile lile, "nipo tu". Mumeo anataka kumleta Dar, na wewe unauliza kama ni bora ahame au mmwongezee msaidizi wa pili.

Msimhamishe sasa, wala msiongeze mtu. Badilisheni kazi ya huyo aliyepo.

Msiba ulipotokea nyumba ilijaa. Miezi minne na siku kumi za eda watu huingia na kutoka, huyu kaleta uji, yule kaja kulala. Eda ikiisha kila mtu hurudi kwake, na upweke wenyewe huanzia hapo. Mjane wa namna hiyo hajapungukiwa na mfuaji wa nguo. Amepungukiwa na mtu wa kumwambia "leo chumvi imezidi", akajibiwa. Sasa mkimpandisha ghorofani kwenu, nyote mkatoka alfajiri mkarudi usiku, atakosa hata hodi ya jirani wa Ngamiani huko Tanga, na msikiti ambao anaijua sauti ya mwadhini wake. Mtakuwa mmempa msiba wa pili.

Kabla ya yote, masikio. Watu wengi huhesabu kimya cha mzee kuwa huzuni, kumbe hasikii na anaona haya kuuliza mara ya tatu. Uzee hula kwanza sauti nyembamba, zile za s na f, kwa hiyo anasikia kuwa unasema lakini hashiki ulichosema. "Fika" na "pika" huweza kumfikia kama neno moja. Kumpigia kelele hakusaidii, kunavuruga sauti zaidi. Dada akae mbele yake, mwendo wa mita moja hivi, mwanga umwangukie dada usoni, televisheni izimwe, aseme polepole kwa sauti nzito kidogo. Asimsemeshe kutokea jikoni.

Na mpelekeni hospitali ya Bombo achunguzwe, maana mara nyingine ni nta tu imeziba. Kama mtaalamu ameona ngoma ya sikio ni nzima, na sikio halitoi usaha wala haliumi, matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni ya famasi, mara tatu au nne kwa siku, kwa siku tatu hadi tano, hulainisha nta. Alale ubavu dakika tano hadi kumi baada ya kudondoshewa. Vijiti vya pamba marufuku: vinaisukuma nta ndani ikashindilia zaidi.

Macho nayo yaangaliwe siku hiyo hiyo, hasa mtoto wa jicho. Halafu kuna jambo ambalo hatalisema kwa mwanawe wa kiume wala kwako, mkwewe: mkojo. Dawa nyingine za presha huongeza mkojo, na mama mtu mzima akihofia kuloana mbele za watu ataacha maulidi, ataacha harusi, atasema amechoka. Binti yake mkweo au ndugu yake wa kike amuulize kwa faragha. Kama ndivyo, daktari aulizwe saa ya kuimeza dawa. Nyingi za aina hiyo humezwa asubuhi. Msiikate wenyewe, na asinyimwe maji, kwani maji yakipungua mzee huchanganyikiwa na huanguka.

Sasa huyo dada. Bila shaka mlimpa orodha ya kazi: kufagia, kufua, kupika, kuogesha. Mazungumzo hayakuwemo, kwa hiyo akikaa kuzungumza anaogopa mtasema mvivu. Mwambieni waziwazi kwamba kukaa naye ni kazi anayolipwa, na mpunguzieni nyingine. Nguo zifuliwe mara mbili kwa wiki badala ya kila siku. Asubuhi ampe shikamoo na asubiri marahaba kabla ya kushika fagio. Baada ya chai akae naye dakika 40, simu yake ikiwa chumbani. Na wale pamoja, sinia moja. Nyumba nyingi mzee hula peke yake ukumbini na dada hula jikoni, halafu watu hushangaa kwa nini mzee anaacha nusu ya wali.

Kosa kubwa zaidi ni kumfanyia kila kitu. Mkweo alikuwa msukaji wa mikeka, si ndivyo? Basi mnunulieni ukindu sokoni, mafungu mawili ya rangi ya asili na moja la rangi. Ukindu ukikauka hukatika vidoleni, kwa hiyo ulowekwe maji kidogo, kisha uzungushiwe kitambaa kibichi ubaki laini. Dada akae mkekani karibu naye na ajifunze kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Ajifunze kweli, asijifanye. Atakosea, ukili utapinda upande mmoja kwa sababu amevuta ukindu huu zaidi ya ule, na mkweo atamnyang'anya, afumue hadi pale ulipoanza kwenda kombo, amwoneshe upya. Hapo mtamsikia akisema maneno kumi kwa mpigo. Vidole vikiwa vinauma, awe msimamizi: apete mchele, aonje mchuzi, aseme nazi gani inunuliwe. Anayehitajiwa huamka asubuhi na jambo la kufanya.

Baada ya alasiri atandikiwe mkeka mlangoni, si uani. Kiti kiwe karibu kama magoti yanamsumbua, maana akishindwa kuinuka mara moja mbele za watu hatatoka tena. Birika moja la chai ya tangawizi na vikombe vinne vinatosha kuwafanya majirani wakae. Wiki ya kwanza pengine hatokei mtu; endeleeni, saa ile ile, watu wataizoea.

Simu: mumeo apige mwenyewe, asikutume wewe. Dakika kumi kila siku saa moja usiku ni bora kuliko saa nzima Jumapili, kwa sababu kuanzia saa kumi na mbili ataanza kuingojea. Na aache "umekula? umemeza dawa?" Hayo amuulize dada. Mama aulizwe analolijua yeye: kiwanja cha babu kilipakana na nani, boga la nazi huungwaje. Akimtaja marehemu, msibadilishe mazungumzo kwa kudhani mnamwepusha na uchungu. Mwacheni amseme.

Ili mjue kama mambo yanabadilika, muulizeni maswali matatu leo, na tena baada ya wiki sita. Ni mara ngapi unakosa mtu wa kuwa naye? Ni mara ngapi unajiona umeachwa nje ya mambo? Ni mara ngapi unajihisi umetengwa? "Nadra" ni alama 1, "mara nyingine" 2, "mara kwa mara" 3. Jumla huwa kati ya 3 na 9, na 6 kwenda juu ni upweke wa kushughulikiwa. Asiulizwe na dada, maana atamjibu kwa adabu.

Yapo yasiyo upweke. Wiki mbili mfululizo hana raha karibu siku nzima, hapendi hata alichokuwa akikipenda, hali chakula, halali usingizi, au anasema heri afe: hiyo ni sonona, apelekwe hospitali. Akichanganyikiwa ghafla ndani ya saa chache au siku moja mbili, hiyo si uzee. Yaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji au dawa. Aende siku hiyo hiyo.

Dada naye mtu. Sheria ya ajira ya 2004 inampa saa 24 za kupumzika kila wiki, na siku hiyo aje mjukuu, yule wa Muheza, alale hapo. Mlipeni kwa wakati. Dada akibadilishwa kila miezi mitatu, mkweo huanza upya kumzoea mtu mgeni, na mara ya tatu hataanza.

Mkienda Jumamosi anzeni na masikio, kisha mpitie sokoni kwa ukindu. Mfikishie mkweo salamu zangu, na mwambie mkeka wa kwanza nimeuagiza mimi, wa watu wawili, na nitaulipia.

Mama yako