Dokta, mama kaombewa akaacha dawa za presha na sukari, maombi yanaponya kweli?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama yangu ana miaka 61, presha na sukari anazo muda mrefu, anameza amlodipini, metformini na glibenklamidi. Siku 12 zilizopita aliombewa, akasema mwili umekuwa mwepesi, kesho yake akapima presha ikawa nzuri kabisa, basi vidonge vyote kaweka kabatini na sasa hivi anafunga kushukuru. Kaka anamuunga mkono, anasema kuna utafiti Marekani umethibitisha wagonjwa wa moyo walioombewa walipona kuliko wengine. Ni kweli kisayansi? Na naongea nae vipi, maana nikifungua mdomo naambiwa sina imani.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ngoja nianze na hiyo presha ya kesho yake maana mtego wote uko hapo. Amlodipini ni dawa ya presha inayokaa sana mwilini, ukiacha leo inachukua kama saa 30 mpaka 50 ndo inapungua nusu kwenye damu, alafu inaendelea kupungua hivyo hivyo kidogo kidogo. Kwa hiyo mtu aliyemeza asubuhi akaombewa jioni akapima kesho yake, ile namba nzuri kwenye mashine ni ya kidonge cha jana. Sisemi Mungu hakufanya kitu, nasema kipimo cha siku ile hakiwezi kutuambia, ni sawa na kuzima jiko alafu unashika sufuria unasema mbona bado la moto.

Na sukari ndo ina ujanja zaidi. Kuna kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, mtu akikipima wiki mbili baada ya kuacha dawa kinaweza kuja kizuri tu, kwa sababu sehemu kubwa ya wastani huo ni ya kipindi alichokuwa anameza. Nimeshaletewa karatasi ya namna hiyo kama ushahidi wa uponyaji, na aliyeileta hakuwa muongo, alikuwa anaamini kabisa.

Sasa utafiti wa kaka yako. Upo, hajatunga. Ni wa daktari wa moyo anaitwa Randolph Byrd, ulitoka 1988, ulifanyika San Francisco kwa wagonjwa 393 wa wodi ya moyo. Waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likaombewa na Wakristo walioko nje ya hospitali, lingine halikuombewa, na wagonjwa wenyewe hawakujua nani yuko wapi. Wale walioombewa walionekana afadhali kwenye mambo kadhaa, mfano wachache zaidi walihitaji antibayotiki. Watu wengi wanaishia kusoma hapo. Ila Byrd alipima mambo zaidi ya 20, na ukipima mambo mengi hivyo baadhi yatatofautiana yenyewe tu, ni kama kurusha mawe 20 kwenye mti wa matunda alafu ujisifie lile moja lililopata. Vitu ambavyo mimi na wewe tungeviangalia kwanza, yaani nani kafa na nani kakaa hospitali siku ngapi, havikutofautiana.

Wakaja wengine na utafiti mkubwa zaidi ili kumaliza ubishi, ukaongozwa na Herbert Benson, ambaye kwa taarifa yako hakuwa mtu wa kupinga dini hata kidogo, na pesa nyingi zilitoka kwenye taasisi ya Templeton ambayo inapenda mambo ya imani na sayansi. Wagonjwa 1,802 wa oparesheni ya moyo, hospitali 6, majibu yakatoka 2006. Walioombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa, asilimia 52 walipata matatizo baada ya oparesheni. Ambao hawakuombewa nao hawana uhakika, asilimia 51. Hapo hakuna tofauti. Kundi la tatu ndo lilishangaza, hao waliombewa na wakaambiwa kabisa kwamba mnaombewa, wakafika asilimia 59! Wengine walisema labda ni hofu, mtu anajiuliza kwani hali yangu mbaya kiasi hiki mpaka wameita watu wa maombi? Inawezekana pia ni bahati tu. Ila usikimbilie kumwambia kaka kwamba maombi yanaumiza watu, hiyo nayo itakuwa kosa lile lile la kuokota namba unayoipenda.

Kuna utafiti mwingine nauzungumzia kila nikipata nafasi. 2001 daktari wa Israel, Leibovici, alichukua mafaili ya wagonjwa 3,393 waliougua maambukizi kwenye damu miaka ya 1990 mpaka 1996, akayagawa kwa bahati nasibu, alafu mwaka 2000 kundi moja likaombewa. Yaani watu walishapona au kufa zamani! Na walioombewa wakaonekana walikaa siku chache hospitali na homa iliisha mapema. Jarida likautoa kwenye toleo lake la Krismasi ambalo lina utani utani, na ujumbe ulikuwa kwetu sisi wa takwimu, kwamba namba zinaweza kukupa jibu hata kwa swali lisilo na kichwa wala miguu.

Kwa hiyo kwa swali la kaka, maombi ya mtu wa mbali ambaye humjui yakipimwa vizuri hayajaonyesha kumponya mgonjwa. Ila angalia nini kilipimwa hapo. Ni watu wasiofahamiana, wanapewa jina la kwanza la mgonjwa na maelezo machache tu. Mama kuombewa na watu wake wamemzunguka, wamemshika mabega, ni kitu kingine, na hicho kina kazi mwilini tunayoielewa. Kuna utafiti mdogo ulipima watu 23 wakisali rozari kwa Kilatini, pumzi zao zikashuka mpaka kama sita kwa dakika na mwili ukawa unadhibiti presha vizuri zaidi kwa muda ule. Wasiwasi unapungua, maumivu yanavumilika, usingizi unakuja. Ule wepesi mama aliousikia mi nauamini, ni wa kweli.

Shida ni kwamba presha na sukari hazisikiki. Mtu anaweza kujisikia mwepesi na presha iko 190. Mgongo ukiuma ukaombewa ukaacha kuuma, sawa, umepona ulichokuwa unakilalamikia (na mgongo mara nyingi unapoa wenyewe baada ya wiki chache), lakini sukari ya mama haikuwa inamuuma tangu mwanzo sasa atajuaje imeondoka bila kupima? Na shuhuda unazosikia zote ni za waliopona, aliyekufa kabla hawezi kusimama mbele kushuhudia.

Kuongea nae, usimwambie imani imemdanganya. Utafiti mmoja wa wazee karibu 600 waliolazwa ulionyesha wale waliokuwa wanahisi Mungu kawaacha walikufa zaidi ndani ya miaka miwili, kwa hiyo usimvunje pale anapojishikilia. Hujasema ni dini gani. Kama ni Mkristo muulize kuhusu Hezekia, Isaya 38, aliomba akajibiwa, na bado nabii akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu. Kama ni Mwislamu anaijua ile hadithi kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila kaiteremshia na dawa. Mwambie mama twende tukapime, kama umepona mashine itasema na mimi nitashukuru pamoja nawe. Mara nyingi aliyeamini kweli haogopi kupima.

Leo leo pima presha na sukari, rudia siku tatu asubuhi kabla hajala, andika. Nenda nazo kwa daktari wake, dawa zirudi kwa utaratibu wake, asimeze dozi mbili mbili kufidia. Na huko kufunga, akirudia glibenklamidi, ile dawa ya sukari, huku anafunga sukari inaweza kushuka ghafla akatetemeka, akatoka jasho, hata kuzimia, kwa hiyo daktari ajue kwamba anafunga. Ukiona anakojoa sana, anatapika, amelegea au anaongea vitu havieleweki, usisubiri hizo siku tatu, mpeleke hospitali hata kama ni usiku, na wanaomuombea waje nao.