Mrithi hakutumwa kama tarishi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: mwenye shamba la mizabibu katika Mathayo 21 alikuwa na akili gani kumtuma mwanawe kwa wakulima waliokwisha kuwaua watumishi wake? Katika mfano huo wa Yesu, mwenye shamba aliwapangisha wakulima akasafiri; watumishi aliowatuma kuchukua mgao wake wa matunda walipigwa na kuuawa, na mwana alipokwenda naye akauawa. Wengi watajibu kwa kumtetea baba, kwamba ni mvumilivu. Ni kweli, lakini ufunguo uko kwenye mkataba wa shamba.

Tuanze na mstari wa 33, ambao wahubiri huuruka wakikimbilia damu. Mwenye nyumba alipanda mizabibu, akaizungushia ugo, akachimba shinikizo, akajenga mnara. Shinikizo lilikuwa mabirika mawili yaliyochongwa kwenye mwamba: la juu la kukanyagia zabibu kwa miguu, la chini la kupokea maji yake. Mnara ulikuwa wa mlinzi, hasa zabibu zinapoiva na wezi na mbweha wanapoanza kuzunguka. Tena Walawi 19 inakataza kula tunda la mti mpya kwa miaka 3, la mwaka wa 4 ni la Bwana, na la 5 ndilo ruhusa. Basi mwenye shamba aligharimika muda mrefu kabla ya kuonja hata kichala kimoja. Kwa wakulima alitaka mgao tu.

Na mgao si chakula tu. Yeyote Nairobi aliyewahi kufuatilia kesi ya ardhi anaujua mchezo huu. Sheria ya Kenya inampa mtu aliyekalia ardhi ya mwingine miaka 12 mfululizo bila ruhusa nafasi ya kwenda mahakamani kuidai. Mpangaji hana nafasi hiyo, maana yupo kwa ruhusa, na kila akilipa kodi anakiri kwamba mahali si pake. Mishna, kitabu cha sheria za Kiyahudi kilichokusanywa yapata mwaka 200, ina mantiki hiyohiyo: kukalia shamba miaka 3 bila kupingwa kunaweza kuthibitisha umiliki, ila mkulima wa mgao hahesabiwi. Kwa hiyo anayempiga mtumishi na kumrudisha mikono mitupu haibi zabibu tu. Anafuta ushahidi kwamba yeye ni mpangaji.

Hapo ndipo mwana anapoingia. Mtumishi hubeba dai la bwana wake. Mrithi ana haki yake mwenyewe ndani ya shamba, na yeye akisimama pale ubishi wa nani mwenye mali unakwisha. Nao wakulima hawakumwua kwa kutomjua. “Huyu ni mrithi,” walisema, wakitaka kuutwaa urithi wake. Walimkataa kwa sababu walimtambua.

Sasa rudini nyuma mistari kumi, hadi wa 23. Wakuu wa makuhani na wazee wanamkuta Yesu akifundisha hekaluni, siku moja tu baada ya kupindua meza za wabadili fedha, wanamwuliza: kwa mamlaka gani unatenda haya? Hakuwajibu moja kwa moja. Mfano huu ni sehemu ya jibu, na usiposoma swali lao kwanza unabaki na hadithi ya watu wakatili tu.

Kosa kubwa zaidi liko kwingine. Watu husema mfano huu unalilaani taifa zima la Wayahudi. Someni Isaya 5:1-7, wimbo ambao maneno yake ya ugo, mnara na shinikizo yameazimwa hapa. Kwa Isaya shamba ni nyumba ya Israeli, nalo ndilo lenye kasoro: lilizaa zabibu-mwitu, kwa hiyo ugo unaondolewa na shamba linakanyagwa. Yesu akabadilisha. Katika mfano wake mizabibu haina neno, matunda yapo, wenye hatia ni waliokabidhiwa kuitunza. Shamba haling’olewi, linapewa wakulima wengine.

Mkilinganisha waandishi, shikeni vitu viwili. Katika Marko mwana anauawa kisha anatupwa nje ya shamba. Katika Mathayo na Luka anatolewa nje kwanza, ndipo anauawa, na wengi huona hapo kivuli cha Golgotha, mahali aliposulubiwa Yesu, nje ya mji. Pili, katika Mathayo wasikilizaji wanawahukumu wakulima wenyewe, kama mfalme Daudi aliyemhukumu mtu wa hadithi ya nabii Nathani bila kujua anajihukumu mwenyewe, ilhali katika Luka wanapiga kelele, “Hasha!”

Baada ya mfano Yesu anataja jiwe walilolikataa waashi, kutoka Zaburi 118, nalo linaonekana kama limebandikwa tu. Kiswahili hakiwezi kuonyesha kinachopotea: kwa Kiebrania mwana ni ben, jiwe ni eben, hivyo mwana aliyekataliwa na jiwe lililokataliwa yanakaribiana hata kwa sauti.

Mistari ya mwisho, 45 na 46, inasema makuhani walielewa kuwa wanasemwa wao. Wakatafuta kumkamata, wakauogopa umati uliomwona kuwa nabii. Umati huo nao ulikuwa wa Wayahudi.