Muulize Fundi: Fuata mshale wa buluu

Swali: Shikamoo ami Fundi. Mie ni kijana wa Wete, nimepata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Southampton, naondoka Septemba. Hapa baiskeli ndiyo miguu yangu. Ijumaa baada ya sala huenda Konde mpaka msitu wa Ngezi na kurudi, na vilima vya Pemba unavijua mwenyewe. Kwenye simu naona Waingereza wana baiskeli maalumu za njia za changarawe, wanapita juu ya vilima vya majani, kondoo kulia na kushoto. Nianzie njia gani? Na ninunue baiskeli gani? Mwenzangu kanambia bila ya pauni elfu mbili nisijisumbue. *Msomaji, Wete*

Jibu: Marahaba mwanangu. Huyo mwenzako sidhani kama amewahi kukanyaga pedeli hata mpaka Gando. Pauni zako zishike kwanza. Baiskeli nitaifikia, lakini kabla yake jifunze rangi za mishale.

Huku kwetu njia ni njia. Ukipita mbele ya nyumba ya watu unatoa salamu, unajibiwa, unaendelea. Kule kila njia ya shambani ina hukumu yake, na hukumu imepigiliwa kwenye nguzo. Mshale wa manjano ni wa waendao kwa miguu peke yao. Wa buluu ni wa miguu, farasi na baiskeli. Wa zambarau unaongeza magari ya kukokotwa na farasi, na mwekundu hata magari ya injini yamo. Sheria iliyotufungulia sisi wa baiskeli njia za farasi ni ya 1968, na ilikuja na sharti: mwenda kwa miguu na mpanda farasi wanatangulia, wewe unasubiri. Mie nilikaa Southampton miaka 9, minne nikifunga spoki kwenye karakana, na wiki yangu ya pili tu nilifuata mshale wa manjano kwa ujinga wangu. Mzee mmoja na mbwa wake akasimama katikati ya njia. Hakugomba wala hakupaza sauti, alinyoosha kidole kwenye nguzo tu. Nilirudi kilomita tatu nakokota baiskeli, na aibu niliyoiona siku ile ningali naikumbuka.

Sasa njia. Bahati yako, Southampton na Winchester ni safari fupi ya treni, na Winchester ndiko inakoanzia South Downs Way. Ni kilomita 160 mpaka Eastbourne, pwani. Ilifunguliwa 1972, na unaweza kwenda na baiskeli kutoka mwanzo mpaka mwisho, jambo ambalo njia nyingi ndefu za kule hazina. Ila ukishapita kijiji cha Alfriston inapasuka mbili: tawi la kwenye majabali ya Seven Sisters ni la miguu, wewe shika la ndani linalopita Jevington. Wengi hukosea hapo kwa sababu picha zote nzuri zimepigwa majabalini.

Usiikamate yote kwa mara moja. Kilima kirefu njiani ni Butser, mita 270 tu, na najua utacheka. Lakini unapanda, unateremka mpaka mtoni, unapanda tena, kutwa nzima, na ukijumlisha kupanda kote unakaribia mita 4,000. Ni kama mtu aliyetumwa Mkoani kutoka Chake, akifika akaambiwa amesahau kitu, arudi, na akirudi atumwe tena. Siku ya kwanza nenda Exton tu, kama kilomita 19 kutoka Winchester. Pana mto unaitwa Meon, maji yake meupe mpaka unahesabu kokoto chini. Kaa ule mkate wako, kisha rudi.

Ardhi yake ndiyo itakayokushangaza. Vilima vile vilikuwa chini ya bahari, vimejengeka kwa magamba ya vijidudu vidogo kuliko chembe ya chumvi, kama vile mawe yetu ya Micheweni yalivyokuwa matumbawe. Ni chaki tupu. Ikikauka ni ngumu kama sakafu ya chokaa na inang'aa mpaka unakunja macho. Ikinyeshewa ni sabuni ya kufulia. Usipige breki ya mbele kwenye mteremko wa chaki mbichi. Kiwiko changu cha kushoto kinalijua hilo. Halafu ndani ya chaki mna gumegume, jiwe jeusi linalobanduka vipande vyenye makali ya chupa. Pancha zake hazina mchezo, kwa hiyo chukua mipira ya ndani miwili, sulesheni, viraka na pampu, hata kama ni mwendo wa karibu.

Ukifika Septemba una wiki chache nzuri. Kuanzia Novemba tope linajaa baina ya tairi na uma mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo soma, ndilo ulilofuata. Majira ya kuchipua yakirudi na miguu ikiwa imekaza, kuna King Alfred's Way, duara la kilomita 350 lililotolewa 2020 na chama cha waendesha baiskeli, Cycling UK. Linaanza na kumalizikia hapo hapo Winchester, kwenye sanamu ya mfalme Alfred, na njiani linapita Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale yaliyosimamishwa kwa duara. Gawa siku nne au tano.

Baiskeli: tafuta iliyotumika. Usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume ni mzuri, lakini si faradhi. Faradhi ni tairi za milimita 40 au karibu na hapo, breki za diski, na gia nyepesi kabisa ya kupandia. Kagua mnyororo na meno yake kabla ya kutoa pesa. Meno yakichongoka kama ya papa, muuzaji ashushe bei. Pesa inayobaki nunua koti la mvua na glavu. Na kengele! Mie nilimpita farasi kwa nyuma kimya kimya, nikidhani nafanya adabu. Farasi akaruka, na bibi aliyempanda akanipa maneno ambayo kamusi yangu haikuwa nayo. Punguza mwendo, mwite mpanda farasi kwa sauti ya kawaida, mnyama asikie kuwa ni binadamu, kisha pita mbali. Mageti ni mengi: ulilolikuta limefungwa lifunge, lililo wazi liache wazi.

Swali: Kaka Fundi, binti yangu anafanya kazi Reading na wenzake wamemwalika kwenda na baiskeli huko milimani. Mie naogopea mambo mawili: sala, na buibui kuingia kwenye mnyororo. *Mama, Mkoani*

Jibu: Dada yangu, la pili ni jepesi. Suruali ndani, vazi la juu liishie magotini, na amwambie fundi amtilie kifuniko cha mnyororo. Kuna dada mmoja wa Kisomali nilimfungia hicho kifuniko, akawa ananipita mlimani kila Jumapili.

Sala inataka hesabu. Huku sala ya Magharibi haituchezei mwaka mzima. Kule Juni jua linazama kama saa 3:20 usiku, na Disemba kabla ya saa 10 alasiri, yaani Adhuhuri na Alasiri zinafuatana mbio. Safari ya Disemba iwe fupi na taa ziwe na chaji. Kibla pia amkumbushe mwenyewe: sisi wa Pemba tumezoea kuelekea kaskazini, kule ni kusini-mashariki. Majani huwa na umande mpaka mchana, achukue mswala wa plastiki.

Akiwa Reading, njia ndefu iitwayo Ridgeway iko karibu. Treni mpaka Goring, avuke mto Thames aingie Streatley, kisha ashike magharibi. Upande huo wa kilomita karibu 70 unaruhusu baiskeli wote. Mashariki ya Goring sehemu nyingi ni mshale wa manjano. Na huko magharibi, Uffington, kuna farasi mweupe wa chaki aliyechongwa kilimani, mita 110, ana umri wa miaka kama 3,000. Mwambie anitumie picha, yangu ilipotea na simu.

Swali: Fundi, Waingereza lami wanayo. Wanakwenda kujipaka tope kwa nini? *Msomaji, Mkunazini*

Jibu: Kwa sababu lami ina magari. Barabara zao za vijijini ni nyembamba kama vichochoro vyenu, pembeni ua wa miti umepanda juu ya kichwa, kona huioni, na pasipowekwa kikomo kingine sheria inaruhusu gari maili 60 kwa saa. Wewe jaribu kuvuka Darajani na baiskeli saa 2 asubuhi, kisha uniandikie tena.