Nichome sindano ya kurudisha ujana? Maswali yenu kuhusu homoni ya ukuaji

Shikamoo daktari. Nina miaka 61. Nimeona tangazo la sindano ya homoni ya ukuaji, eti inarudisha ujana. Nichome?

Marahaba, lakini usichome. Ni kweli homoni hii, inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, hupungua kadiri umri unavyosonga. Kupungua huko si ugonjwa. Matangazo haya yanaegemea sana utafiti wa Marekani wa mwaka 1990, ambapo wanaume 12 waliovuka miaka 60 walichomwa kwa miezi sita: mafuta yakapungua, misuli ikaongezeka. Wauzaji huishia hapo. Hawakwambii kwamba tafiti za baadaye hazikuona nguvu ikiongezeka, ila ziliona miguu kuvimba, viungo kuuma, vidole kufa ganzi na sukari kupanda. Wala haijathibitika kuwa inarefusha maisha. Tena kule Ecuador wapo watu wenye ugonjwa wa Laron, ambao miili yao haiitikii homoni hii. Ni wafupi sana, lakini saratani na kisukari ni nadra kwao. Hata panya wanaozaliwa bila homoni hii huishi zaidi ya wenzao! Hela hiyo kapimie presha na sukari.

Vidonge vyake je?

Homoni hii ni protini. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga yai, ndiyo maana wanaoihitaji kweli huchomwa. Anayekuuzia kopo la vidonge anakuibia.

Mwanangu ana miaka 9, darasa zima limempita kwa urefu. Nimtafutie homoni?

Mama, kwanza mpime. Avue viatu, asimame wima, visigino viguse ukuta. Andika tarehe na urefu, kisha rudia baada ya miezi sita. Umri huo mtoto huongezeka kama sentimita 5 kwa mwaka. Ikiwa kasi yake ni chini ya 4, nenda naye kwa daktari wa watoto na kadi yake ya kliniki. Ataangalia urefu wenu wazazi, lishe, damu na tezi ya shingo, na huenda akaagiza eksirei ya kiganja kuona mifupa imefikia wapi. Wengi wamerithi tu ufupi, au watachelewa kubalehe. Wale wachache wenye upungufu wa kweli, sindano huwasaidia sana, mradi wawahi. Mifupa ikishafunga, urefu hauongezeki tena.

Mume wangu ana miaka 44. Pete ya ndoa haimwingii, viatu vimetoka namba 42 hadi 44, na hajanenepa.

Dada, hili usilicheleweshe. Mikono na miguu ya mtu mzima ikikua hivyo, huenda pituitari ina uvimbe unaomwaga homoni kupita kiasi. Ugonjwa huu huitwa akromegali. Kwa kawaida uvimbe wenyewe si saratani, lakini ukiachwa huleta kisukari, presha na matatizo ya moyo. Aombe kuonana na daktari wa homoni, apimwe damu, na ikibidi kichwa kipigwe picha ya MRI. Mara nyingi uvimbe hutolewa kwa upasuaji kupitia puani. Aende na picha zake za zamani, daktari aone uso ulivyobadilika.