GPA (wastani wa gredi za chuo) ilianguka mwaka wa kwanza, nijieleze vipi?

SWALI: Shikamoo anti. Niko Minneapolis, nataka kuomba shule ya sheria mwaka huu. Mwaka wa kwanza chuo nilikuwa napiga shifti za usiku kwa wazee, naingia saa 5 usiku natoka saa 1 asubuhi, saa 3 niko darasani nasinzia, nikaambulia C kibao na F ya kemia. Kemia nikarudia nikapata B, nikabadili masomo, miaka 2 ya mwisho ni A na B tupu. Niyaweke haya kwenye insha ya kujieleza ama ninyamaze? Nimekutumia nilichoandika, kurasa 2. – Mtoto wa Kisii

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinyamaze, lakini usiweke kwenye insha. Insha ni ya kuonyesha wewe ni nani, mambo ya gredi yana karatasi yake, wanaiita adenda, aya moja au mbili basi.

Kabla hujaandika chochote, angalia GPA ya LSAC, lile shirika la Marekani linalopitisha maombi ya shule za sheria, maana hao wanapiga hesabu yao wenyewe na kama F bado inaonekana kwenye transkripti wanaihesabu pamoja na hiyo B, hata chuo chako kiwe kimeisamehe. Kwa hiyo usije ukajitapa na GPA ya chuo wakati shule mbele yake ina nyingine ya chini. (Mliosoma digrii Nairobi au Dar hili haliwahusu sana, nyinyi LSAC hawawapi GPA, wanawapa daraja la tathmini tu.)

Sasa hizo kurasa zako 2. Umeanzia kwa bibi kijijini, ukapita kwenye baridi ya Minnesota, halafu aya nzima unamsema mwalimu wa kemia. Huyo mwalimu mtoe kabisa! Anayesoma ana mafaili mengi mezani na wewe unaomba uwakili, akiona unatupia wengine lawama umekwisha. Umeandika "maisha yalinipiga mawe tangu nikanyage Marekani". Futa, weka kitu kama hiki: "Kuanzia Septemba 2021 hadi Mei 2022 nilifanya kazi usiku saa 40 kwa wiki huku nikisoma kozi kamili. Nilipopunguza hadi saa 16, gredi zilipanda, na semista 4 za mwisho wastani wangu ni 3.7." Tarehe na saa weka zako za kweli, na hakikisha zinalingana na CV, maana kama CV inasema ulianza kazi 2022 hapo umejichongea mwenyewe. Mwalimu anayekuandikia barua akigusia zile shifti kwa mstari mmoja itasaidia kuliko machozi yako yote.

Ila adenda haipandishi GPA. Hizi shule kila mwaka lazima zitangaze GPA za katikati za wanafunzi wapya, na alama zao za katikati za LSAT, ule mtihani wa kuingilia shule ya sheria, kwa hiyo namba ya chini inawauma hata wakikuhurumia. Kinachoweza kuwashawishi ni LSAT nzuri, alama zake zinaanzia 120 hadi 180, na kama bado hujaifanya basi muda uliotumia kumsema mwalimu wa kemia uhamishie huko. Halafu usisubiri siku ya mwisho, shule nyingi zinaanza kupokea maombi Septemba na zinajaza nafasi kadiri yanavyoingia.